Uzito wa Ndoo

Bibi niliyemchora alikuwa anaelea.
Fremu kumi na mbili, hatua kamili,
kushoto, kulia, kilemba, koti, viatu vya mpira,
na bado nyayo ziliteleza juu ya theluji
kama sabuni juu ya sahani.
Nilijua kuna kosa. Sikujua linakaa wapi.

Hapa Tartu ilikuwa saa nane ya usiku.
Zamu ya kufua mashuka ya hospitali imekwisha,
mikono inanuka klorini, dirisha limeganda.
Huko Punta Arenas jua la Desemba lilikuwa halijazama,
nawe Yerko, fundi majokofu, nisiyekujua sura,
ulimtazama bibi yangu akielea
ukaniandikia mstari mmoja:
Jaza ndoo maji. Ibebe. Jirekodi.

Nilicheka peke yangu, kisha nikaenda bafuni.
Simu nikaiegemeza kwenye birika.
Ndoo ikajaa, nikaitembeza koridoni mara sita,
hadi mzee Heino wa chini akagonga dari yake kwa ufagio.

Na katika video ile, nilipoipunguza mwendo,
nikaona: kabla mguu haujainuka
nyonga hushuka. Kichwa huchelewa.
Bega moja hulipa deni la mkono wa pili.
Mtu haendi, Yerko. Mtu huanguka,
akajidaka, akaanguka tena.
Miaka arobaini na moja natembea
na sikuwahi kuliona hilo.

Nikafuta fremu zote.

Mimi nilikupa nini? Rangi ya kivuli.
Vivuli vyako vyote vilikuwa vyeusi kama masizi,
nikakwambia kivuli cha theluji ni buluu.
Ulibisha. Kwenu kiangazi, theluji utaitoa wapi?
Ukafungua friza ya mteja, ukamulika barafu kwa tochi,
ukarudi na neno moja: Kweli.

Sauti alituletea Sarnai wa Ulaanbaatar,
miaka kumi na sita, mitihani shingoni.
Nyayo zile mnazozisikia si theluji hata kidogo,
ni unga wa viazi ndani ya soksi ya kaka yake.
Kiingereza chetu kilikuwa cha kuazima,
kila mmoja na viraka vyake,
tukichoka tunachorana mishale.

Machi tuligombana kwa sababu ya mlango.
Bibi alikuwa akiupita bila kuufungua,
nawe ukasema, nani atajali?
Nikasema, mimi. Nikasema na mengine,
ambayo usiku ungeyasitiri kama ningelala mapema.
Siku kumi na tisa hukuandika.
Nilikuwa nafungua mchezo, nampeleka hadi mlangoni,
namsimamisha hapo, nazima taa.

Siku ya ishirini likaja faili,
jina lake mlango_mpya_samahani.
Kitasa kinakwama kidogo kabla ya kuzunguka,
kwa ajili ya baridi. Hilo sikuwa nimekuomba.

Tulipanga sura tano, mbwamwitu, mto, na harusi.
Tumemaliza ua mmoja na vyumba viwili:
bibi anatoka, anateka maji kisimani,
anarudi kabla hayajaganda. Basi.
Waliocheza ni thelathini na saba,
watatu kati yao ni sisi wenyewe.

Jana mmoja, hatumjui, aliuliza
kwa nini bibi husimama pale katikati ya ua,
sekunde nne hivi, bila mtu kumgusa.
Sarnai akajibu kwa vicheko. Wewe ukanyamaza.
Nimechunguza: ni hitilafu,
fremu ya kumi na mbili inajirudia.

Nilishika kipanya niirekebishe.
Nikamwona: ndoo imemvuta bega,
nyonga imeshuka, kichwa kinachelewa.

Nimeiacha, Yerko. Nawe usiiguse.
Maji ni mazito. Mwache apumue.